Je, Ni Haki Kufunga Shule Wakati wa Maradhi ya Mlipuko?

Suala lenyewe

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini, Serikali iliamuru shule zote za awali, za msingi na za sekondari zifungwe kwa siku thelathini. Siku ya pili yake vyuo navyo vikafungwa. Siku hizo zilipokwisha, muda uliongezwa, na watoto wa shule za msingi hawakurudi madarasani hadi tarehe 29 Juni. Kwa hesabu hiyo walikaa nje ya shule karibu wiki kumi na tano.

Amri hiyo ilikuwa miongoni mwa amri kali chache zilizotolewa nchini wakati ule. Masoko hayakufungwa, mashamba hayakufungwa, nyumba za ibada hazikufungwa, wala watu hawakuzuiliwa kutoka majumbani mwao kama ilivyokuwa katika nchi nyingi. Kwa hiyo, tukiulizwa sisi walimu kama ni haki kuwafungia watu kwa ajili ya maradhi, hatuna haja ya kutafuta mifano ya mbali tu. Hapa kwetu aliyeubeba mzigo wa amri hiyo kuliko wengine wote alikuwa mwanafunzi.

Katika mijadala ya wanachuo, suala hili huzua pande mbili. Upande wa kwanza husema kwamba uhai hutangulia kila kitu, na mtoto aliye hai atasoma kesho. Upande wa pili husema kwamba shule zilifungwa bure, kwa kuwa watoto waliofukuzwa darasani walikutana mnadani, kisimani na machungani. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili huishia njiani. Zote huzungumzia siku mlango wa shule ulipofungwa, na hakuna hata mmoja unaozungumzia siku mlango ulipofunguliwa na kazi aliyoifanya mwalimu siku hiyo. Nasi tunashikilia kwamba haki ya amri ya kufunga shule haiwezi kupimwa bila kuitazama siku hiyo ya pili. Ndiyo sababu tumeona inafaa jambo hili lijadiliwe katika jarida la njia za kufundishia, wala lisiachiwe waganga na wanasiasa peke yao.

Hoja ya wanaotetea amri kali

Si haki kuwabeza waliotoa amri hizo. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima. Siku zile hapakuwa na chanjo, hapakuwa na dawa, na hakuna aliyejua kwa hakika ugonjwa huo ungewaua watu wa umri gani zaidi katika Afrika. Wataalamu walijua kwamba katika mafua makali watoto wa shule ndio wanaoeneza maradhi upesi kuliko watu wengine, kwa sababu hukaa wengi katika chumba kimoja na jioni hutawanyika kwenda katika kila nyumba. Darasa lenye watoto zaidi ya mia moja, watatu au wanne katika dawati moja, si jambo geni kwetu. Nyumbani mtoto huyo humkuta bibi au babu, na korona ilionekana mapema kwamba huwashambulia wazee kwa ukali.

Aidha, kufunga kwa ajili ya maradhi si fikra ya kigeni kwa wafugaji. Katika Usukuma kila mwenye ng'ombe anajua maana ya karantini ya mifugo. Maradhi yakiingia, mnada husimamishwa, ng'ombe wa kijiji kimoja hawachanganywi na wa kijiji kingine, na aliyetaka kuuza hana budi kungoja. Mfugaji hunung'unika, lakini huelewa, kwa sababu anayo majibu ya maswali matatu: ni ugonjwa gani, mpaka wa karantini uko wapi, na itaondolewa kwa sharti gani. Sotoka, ugonjwa uliowahi kufilisi nchi za wafugaji wa Afrika Mashariki, ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani kote. Kilichoutokomeza hasa ni chanjo. Karantini ilinunua muda tu, na muda huo ukatumiwa kuchanja na kutafuta ng'ombe waliokuwa na ugonjwa.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya hoja ya amri kali, na hapo hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Kufunga hununua muda. Yafaa basi tuulize muda huo ulinunuliwa kwa bei gani, nani alilipa, na ulitumiwa kwa kazi gani.

Walivyofanya majirani

Nchi za Afrika Mashariki hazikufuata njia moja. Burundi haikufunga shule zake. Rwanda ilizifunga na kuwataka watu wakae majumbani tangu tarehe 21 Machi 2020. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi, ikaweka amri ya kutotoka nje usiku tangu tarehe 27 ya mwezi huo, na polisi wake wakalaumiwa kwa kutumia nguvu kupita kiasi katika kuisimamia amri hiyo. Watoto wa madarasa machache ya Kenya walirudi Oktoba 2020, na wengine wote wakarudi Januari 2021 kuendelea na madarasa waliyoyaacha, katika kalenda iliyobanwa. Uganda ilifunga Machi 2020, ikafungua kidogo kidogo, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua shule zote hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa na kufungwa huko, kulikokuwa miongoni mwa kurefu kuliko kote duniani. Waliporudi, wanafunzi walipandishwa madarasa.

Kwa upande mwingine, Sweden iliziacha shule zake za watoto wadogo wazi katika miezi ile ya mwanzo, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa imefunga. Kadiri miezi ilivyopita, ilidhihirika kwamba watoto wadogo walikuwa wakiugua korona kwa wepesi kuliko watu wazima. Jambo hilo halikujulikana vema Machi 2020. Lakini lilikuwa limekwisha julikana muda mrefu kabla ya Januari 2022. Kwa hiyo amri iliyokuwa na sababu njema siku ilipotolewa yaweza kupoteza sababu yake hali bado inatumika. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka katika kupima haki ya amri yoyote: sharti ipimwe upya kila maarifa yanapoongezeka.

Gharama katika kijiji

Wanachuo wetu wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, wanaweza kueleza vizuri kuliko sisi maana ya wiki kumi na tano bila shule. Tutaje mambo matatu tu.

La kwanza ni lugha. Mtoto wa Sapiwi huzaliwa, hucheza na huota ndoto kwa Kisukuma. Kiswahili hukisikia kidogo dukani na redioni, lakini mahali anapokizungumza, anapokisoma na kusahihishwa ni shuleni. Kwa mtoto wa mjini, shule ikifungwa, Kiswahili huendelea barabarani. Kwa mtoto huyu, shule ikifungwa, lugha ya kusomea nayo imefungwa. Aliyeanza darasa la kwanza Januari 2020 alikuwa amefundishwa kiasi cha wiki kumi. Kwa kawaida muda huo humtosha mtoto kuzijua irabu na silabi chache, lakini haumtoshi kusoma sentensi peke yake. Kusoma kulikofikia hapo ni kama mbegu iliyochipua majani mawili. Mvua ikikatika, haina mizizi ya kungojea mvua nyingine.

La pili ni kazi. Kipindi cha Machi hadi Juni katika mkoa wa Simiyu si kipindi cha kukaa bure. Nafaka huvunwa, pamba hupasuka na kuanza kuchumwa, ng'ombe huhitaji mchungaji. Sisi hatuidharau kazi. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu zimefundishwa kuiheshimu. Lakini kazi anayopewa mtoto kwa kuwa shule imefungwa haina mwisho unaojulikana. Mvulana aliyeonyesha bidii machungani katika wiki kumi na tano huonekana nyumbani kuwa mchungaji kamili, na siku shule inapofunguliwa huwapo mzee anayeuliza ng'ombe wataachiwa nani.

La tatu ni wasichana. Katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwalinganisha wasichana wa kidato cha mwisho waliokaa nyumbani miezi sita kwa sababu ya korona na wale wa mwaka uliotangulia. Waliokaa nyumbani walipata mimba kabla ya kumaliza shule kwa kiasi cha maradufu, na walioacha shule kabisa walikuwa takriban mara tatu. Hapa kwetu, hadi Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito aweza kurudi katika shule ya kawaida, mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa masomo hayo. Maana yake ni kwamba msichana aliyepata mimba katika miezi ile ya 2020 aliikuta shule imefunguliwa kwa wenzake, na kwake yeye bado imefungwa.

Twajua pia kwamba vipindi vya masomo vilirushwa redioni na katika runinga. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, mtoto wa miaka sita au saba hawezi kuiambia redio isimame, irudie, au imwonyeshe herufi. Redio yenyewe ni ya baba, betri zake hununuliwa kwa fedha, na saa ya kipindi huenda ikawa ndiyo saa ya kuteka maji. Kipindi kisichokuwa na mtu wa kukaa karibu na mtoto akishika kitabu na kumwelekeza kwa kidole humfikia yule tu ambaye angejifunza hata bila kipindi hicho.

Hasara inayokua baada ya mlango kufunguliwa

Mambo tuliyoyataja ni makubwa, lakini si makubwa kuliko yote. Lililo kubwa kuliko yote halionekani wakati shule imefungwa.

Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga kaskazini ya Pakistan. Shule katika eneo lililoathirika zilifungwa kwa wastani wa wiki 14 hivi, muda unaokaribia sana ule wa kwetu wa mwaka 2020. Baada ya miaka minne watafiti walikwenda huko. Waliona kwamba nyumba zilikwisha jengwa, na jamaa zilizokuwa karibu na mahali pa tetemeko zilikuwa hazitofautiani sana kwa mali na zile za mbali. Lakini watoto walipopimwa, wale wa karibu walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu hadi miwili ya masomo.

Yafaa mwanachuo aitafakari hesabu hiyo. Wiki 14 haziwezi peke yake kuzaa upungufu wa mwaka mmoja na nusu. Upungufu huo ulikuwa mdogo siku watoto waliporudi, kisha ukaendelea kukua ndani ya darasa, mbele ya mwalimu. Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba mafundisho yaliendelea kufuata muhtasari kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtoto aliyekosa hatua ya tatu alifundishwa ya nne. Kwa kuwa hakuielewa ya nne, hakuielewa ya tano. Na kila siku aliyokaa darasani ilimwacha nyuma zaidi. Jambo jingine waliloliona ni hili: watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza elimu ya msingi hawakuwa na upungufu huo. Walikuwapo watu nyumbani waliojua ufa uko wapi, wakauziba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watoto wetu walirudi tarehe 29 Juni 2020, na mwaka wa masomo ukamalizwa ndani ya mwaka uleule. Wa darasa la saba walifanya mtihani wao Oktoba. Muhtasari wa mwaka mzima ulibidi uingie katika miezi iliyobaki. Mwalimu aliyekimbia ili aumalize alikuwa akitii kalenda, lakini katika kukimbia huko waliweza kumfuata wale tu waliokuwa wamekwisha jua.

Msimamo wetu

Sasa tunaweza kulijibu swali tulilolianza. Tunaona kwamba kufunga shule kwa ajili ya maradhi ni haki yakitimizwa masharti manne.

La kwanza, sababu itajwe, na takwimu zitolewe. Mfugaji hukubali karantini kwa kuwa ameambiwa ni ugonjwa gani. Hapa nchini takwimu rasmi za korona zilisimama mapema Mei 2020 zikionyesha wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikuanza kutolewa tena hadi mwaka 2021. Katika muda huo mzazi hakuwa na njia ya kujua kama mtoto wake alizuiliwa kwa sababu iliyokuwapo bado, wala hakuwa na njia ya kujua aliporudishwa kama sababu hiyo ilikuwa imekwisha. Amri isiyo na hesabu haiwezi kutetewa, na kuiondoa bila hesabu hakuwezi kutetewa vilevile. Mficha maradhi, kilio humfichua.

La pili, pawe na mpaka wa mahali na wa muda. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotokea mkoani Kagera, waliokaribiana na wagonjwa walitafutwa na kufuatiliwa, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo, bila ya shule za nchi nzima kufungwa. Tunakiri kwamba magonjwa hayo mawili hayafanani. Marburg huambukizwa kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa, na korona huweza kuenezwa na mtu ambaye bado hajajiona kuwa mgonjwa. Lakini fundisho linabaki: mpaka uwe pale ulipo ugonjwa.

La tatu, shule iwe miongoni mwa mambo ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa. Hatusemi kwamba mnada wa ng'ombe hauna maana. Mtu anayekula alichokipata leo hawezi kuambiwa akae nyumbani bila kupewa chakula, na kwa hiyo tunaona nchi yetu ilifanya vema kutowafungia wakulima na wachuuzi ndani. Lakini mnada ukikosekana mwezi huu, ng'ombe atauzwa mwezi ujao. Mtoto wa darasa la kwanza ana mwaka mmoja tu wa kuwa na umri huo.

La nne, na ndilo letu, pawe na mpango wa kufundisha wakati shule imefungwa na baada ya kufunguliwa. Serikali ndiyo itoayo amri ya kufunga, lakini ni mwalimu atakayeamua kama hasara ya amri hiyo itakuwa ya wiki kumi na tano au ya miaka miwili.

Kwa vipimo hivyo, tunaona kwamba zile siku thelathini za mwanzo za Machi 2020 zilikuwa za haki. Ugonjwa haukujulikana, na muda ulitajwa. Wiki zilizofuata, hasa baada ya takwimu kusimama, ni vigumu kuzitetea. Na kufungwa kwa karibu miaka miwili kama kule Uganda hatuoni kwamba kulikuwa haki kwa mtoto, hata kama nia ilikuwa njema.

Kazi ya mwalimu

Wapo watakaosema kwamba kufundisha pasipo darasa ni ndoto ya nchi tajiri. Sivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake na kilikuwa na kitabu. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, makumi ya maelfu ya walimu wa Elimu ya Msingi kwa Wote walifundishwa wakiwa vijijini mwao kwa masomo ya posta, redio na ziara za wakufunzi. Taifa hili lilipambana na maradhi kwa kufundisha, na lilifundisha bila kuta, kabla ya kuwapo simu za mkononi. Siri ya kampeni zile ilikuwa yule mtu aliyekaa karibu na msikilizaji. Redio bila kikundi ni sauti inayopita.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa mwanachuo mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji fedha wala kibali kutoka mbali.

Kabla ya hatari yoyote, mwalimu awe na daftari linaloonyesha kila mtoto amefikia wapi: nani anajua irabu, nani anaunganisha silabi, nani anasoma sentensi, nani anaelewa habari. Azimio la kazi humwonyesha mwalimu mahali alipofika yeye, na daftari hili humwonyesha alipofika mtoto. Awe pia na orodha ya watoto kwa vitongoji, na katika kila kitongoji awe amemchagua mwanafunzi mmoja au wawili wa madarasa ya juu wanaoweza kuwasomesha wadogo.

Shule ikifungwa, na kama sheria za afya zinaruhusu watu wachache kukutana chini ya mti, vikundi vya watoto watano au sita wa jirani viendelee na kusoma. Mwalimu avizungukie. Kama kukutana kumekatazwa kabisa, basi kila mtoto apelekewe kazi ndogo katika karatasi: silabi za kusoma kwa sauti, maneno kumi, hesabu tano. Kazi ndogo inayofanywa kila siku ina faida kuliko kitabu kizima kisichofunguliwa.

Shule ikifunguliwa, muhtasari usubiri kwanza. Wiki mbili za mwanzo ziwe za kupima. Mwalimu atauliza: nina watoto mia na ishirini, nitampimaje mmoja mmoja? Awaite kumi na watano kwa siku, kila mmoja dakika tatu au nne, wakati wengine wanaandika au wanafanya kazi na viongozi wa makundi. Kwa siku nane za shule atakuwa amewamaliza. Mtoto asomewe na asome: herufi, silabi, maneno, sentensi. Pale anapokwama ndipo somo lake linapoanzia.

Kisha watoto wapangwe katika makundi kwa kadiri ya walipofikia, na kwa saa moja kila siku wafundishwe wakiwa katika makundi hayo, hata ikibidi mtoto wa darasa la tatu akae na wa darasa la kwanza katika kusoma. Jambo hilo lifanywe kwa heshima, pasipo majina ya kudhalilisha na pasipo kicheko. Saa zilizobaki ziwe za darasa zima. Mwalimu ateue katika muhtasari yale ambayo mengine yote huyategemea, ayafundishe hayo kwa ukamilifu, na yaliyobaki ayapunguze. Mtoto asiyejua kutoa kwa kuchukua hawezi kugawanya, hata akifundishwa kugawanya mwezi mzima.

Mwisho, mahudhurio ya siku ya kwanza yalinganishwe na ya siku ya mwisho kabla ya kufungwa. Kila jina lisiloitikia litafutwe nyumbani, pamoja na mtendaji wa kijiji ikibidi. Huko mwalimu atamkuta mchungaji wetu mpya, na atamkuta msichana anayeona haya kurudi. Maneno mawili ya upole kwa mzazi katika wiki ya kwanza yana nguvu kuliko barua ya onyo katika mwezi wa tatu.

Tunafahamu hofu ya mwalimu kijana. Atakuja mthibiti ubora wa shule, atafunua azimio la kazi, ataona kwamba wiki ya sita imefika na mada ya wiki ya pili ndiyo kwanza inafundishwa. Ushauri wetu ni kwamba mwalimu asifiche. Aandike katika azimio lenyewe matokeo ya upimaji: watoto wangapi hawakuweza kusoma silabi, amefanya nini, na wangapi wanaweza sasa. Mkaguzi mwenye busara atauheshimu ushahidi huo. Na asiyeuheshimu atalazimika walau kuujibu, jambo ambalo ni gumu kuliko kukemea.

Hitimisho

Korona haikuwa maradhi ya kwanza kufunga shule, wala haitakuwa ya mwisho. Kipindupindu, Marburg, mafuriko, hata njaa, vyaweza kuufunga mlango wa shule ya Sapiwi kesho, na mwalimu hataulizwa kama anakubali. Kwa hiyo tunavitaka vyuo vya ualimu viliingize katika masomo ya njia za kufundishia somo la kufundisha baada ya pengo, na lifanyiwe mazoezi kama yanavyofanyiwa mazoezi maandalio ya masomo na matumizi ya ubao. Mwanachuo asihitimu kabla hajawahi kukaa na watoto kumi, mmoja baada ya mwingine, akajua kila mmoja amekwama wapi, na akaandika atakachomfundisha keshoye.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2020 hakuulizwa shauri siku shule ilipofungwa. Alitozwa kodi kwa ajili ya afya ya wazee wake, naye akailipa kwa wiki kumi na tano za kusoma kwake. Deni hilo ni letu sote, na mwalimu ndiye aliyekabidhiwa kulilipa. Likilipwa, tutaweza kusema kwamba kufunga kulikuwa haki. Lisipolipwa, amri itakuwa imewalinda wakubwa kwa mali ya wadogo, na hakuna takwimu za hospitali zitakazoigeuza kuwa haki.